Kuitambua Pasheni kwa Kikonyo cha Jani

Biashara ya miche ya pasheni ina ugumu ambao muuza miche ya kabichi haujui: mteja hulipa leo, lakini ukweli wa alichonunua utajulikana mwakani, mmea utakapotoa ua na tunda. Anachokibeba kutoka kitaluni ni kijiti cha urefu wa shubiri, chenye majani machache ambayo hata hayafanani na majani ya mmea uliokomaa. Nimeendesha kitalu kwa miaka mingi katika milima ya Usambara Magharibi, jirani na Lushoto, kwenye mwinuko wa karibu mita 1,400, na kazi hiyo imenilazimisha kuitambua mimea hii kwa viungo ambavyo wapita njia hawavitazami: kikonyo cha jani, vijani vidogo vinavyoota ubavuni mwa kikonyo hicho penye kifundo cha shina, vikono vya kujishikia, na umbo la shina lenyewe. Tunda, ambalo kila mtu hulikimbilia, mimi nimeliweka nyuma kabisa katika ushahidi wangu.

Jenasi yenyewe, Passiflora, ina spishi zaidi ya 500, na asili ya nyingi mno kati ya hizo ni bara la Amerika, hasa sehemu zake za kitropiki. Chache tu ni za Asia, Australia na visiwa vya Pasifiki. Bara la Afrika halina hata moja ya asili, kwa hiyo kila pasheni inayotambaa kwenye uzio wa Lushoto, Limuru au Masaka ililetwa na binadamu, au ni mzao wa iliyoletwa. Habari hii ni nafuu kwa mtambuzi wa Afrika Mashariki, kwa sababu hahitaji kuzijua spishi zote hizo. Akizijua kama kumi kwa undani atakuwa amemaliza sehemu kubwa ya kazi. Hata hivyo, sisi wa Usambara tunapaswa kuwa waangalifu zaidi kidogo. Huko Amani, upande wa mashariki wa milima hii, Wajerumani walianzisha mwaka 1902 kituo cha utafiti chenye bustani kubwa ya kujaribia mimea ya kigeni, na baadhi ya mimea ya bustani ile ilitoroka zamani ikaingia msituni. Mtu akiniletea jani kutoka kule sianzi kwa kudhani kwamba ni pasheni ya sokoni.

Kujua kwamba mmea ni Passiflora si kazi ngumu ukiwa na ua mkononi. Katikati ya ua husimama kiguzo kimoja kilichobeba stameni tano na, juu yake, ovari yenye stigma tatu. Kukizunguka kiguzo hicho kuna taji la nyuzi nyingi, ambalo ndilo linalolipa ua hili sura yake ya ajabu. Hakuna mmea mwingine wa shambani kwetu wenye mpangilio huo. Ugumu huanza pale unapotaka kujua ni Passiflora ipi, na huongezeka pale ambapo ua halipo, yaani karibu kila siku ya kazi yangu.

Mfano ninaoufahamu kuliko yote ni pasheni ya kawaida, Passiflora edulis, ambayo wengine huiita karakara. Mmea uliokomaa una jani lililogawanyika kuwa ndewe tatu ndefu na ukingo wenye meno kama ya msumeno. Juu ya kikonyo cha jani, karibu kabisa na mahali kinapoungana na bapa, yaani sehemu pana ya jani, zimekaa tezi mbili ndogo zilizobanana na kikonyo bila kijiti cha kuzinyanyua. Ukizitazama asubuhi kwa kioo cha kukuzia utaona kila moja imeshika tone dogo la maji matamu, na mara nyingi sisimizi amekwisha kufika kabla yako. Stipuli, yaani vile vijani vya ubavuni, ni nyembamba kama uzi na hudondoka upesi. Chini ya ua kuna vijani vitatu viitwavyo braktea, vya kijani, vipana, vyenye meno ukingoni, na taji lake lina nyuzi nyeupe zilizokunjamana ncha, zenye zambarau upande wa ndani. Alama hizi zikikutana zote, jina halina shaka.

Lakini mche hauna ndewe tatu. Majani ya mwanzo ya Passiflora edulis ni mazima, yenye umbo la yai, na hapo ndipo watu huchanganya mche huo na wa pasheni tamu, Passiflora ligularis, ile ya tunda la rangi ya machungwa ambalo ganda lake huvunjika kwa kidole gumba kama ganda la yai. Jani la ligularis hubaki zima maisha yake yote, lina umbo la moyo na ukingo usio na meno. Wakati yote mawili ni machanga, mimi sitazami bapa, natazama kikonyo. Kikonyo cha edulis kina tezi mbili zilizolala. Cha ligularis kina tezi nne hadi sita nyembamba zinazochomoza kama nyuzi fupi, nyingine zikifikia milimita kumi, na stipuli zake ni pana kama vijani vya kweli. Tofauti hii huonekana mapema sana, tena bila kioo, na mfanyakazi mpya wa kitalu huweza kuifahamu asubuhi moja. Sijaona sababu ya mtu yeyote kuuza moja kwa jina la nyingine.

Kugumu ni kutenganisha ndugu wawili wa spishi moja. Pasheni ya zambarau hustawi huku juu kwenye baridi, na pasheni ya njano hustawi chini kwenye joto la Tanga na Muheza. Ya njano ilipewa jina la pekee, flavicarpa, na mtaalamu wa mimea wa Hawaii, Otto Degener, katika miaka ya 1930, ingawa wataalamu wengine wa leo hawaoni sababu ya kuitenga kwa jina. Kwa mkulima, majina si hoja. Hoja ni mizizi. Pasheni ya zambarau hushambuliwa vibaya na mnyauko unaoletwa na kuvu wa Fusarium anayeishi udongoni, ambaye huziba mirija ya maji ya mmea hadi mmea wote ukanyauka ukiwa na matunda yake mabichi. Ukichana shina lake karibu na ardhi utaona mirija imegeuka rangi ya kahawia. Ya njano huuvumilia ugonjwa huo kwa kiasi kikubwa. Ndiyo maana tunabebesha: tunaotesha mbegu za njano ziwe shina la chini, kisha shina likifikia unene wa penseli tunalikata, tunalipasua, na kuingiza kijiti cha mmea wa zambarau kilichochongwa mithili ya kabari. Sasa fikiria mbegu zilizouzwa kama za njano zikiwa si za njano. Mkulima mmoja wa bonde la jirani alinunua miche iliyobebeshwa kutoka kwa muuzaji wa mbali, shamba lake likanyauka lote kuanzia upande wa chini unakotuama maji, na alipokuja kwangu na visiki vyake, vichipukizi vilivyokuwa vikitoka chini ya mahali pa kubebeshea vilikuwa na vikono vya kijani kitupu.

Rangi hiyo ya vikono ndiyo alama yangu ya kwanza. Mmea wa njano huwa na wekundu au uzambarau kwenye vikono, kwenye vikonyo na mara nyingi kwenye shina changa na mishipa ya jani. Wa zambarau huwa wa kijani safi. Alama ya pili ni mbegu: za zambarau ni nyeusi, za njano ni za kahawia, na tofauti hiyo huonekana vizuri zikishaoshwa na kukaushwa kivulini, zikatandazwa juu ya karatasi nyeupe. Hakuna kati ya alama hizi mbili inayojitosheleza, kwa sababu ndugu hawa huzaana na watoto wao huchukua rangi za kati. Kwa sababu hiyohiyo rangi ya tunda haiaminiki: kuna mimea ya aina ya joto inayozaa matunda mekundu au ya zambarau, na katika mashamba ya Brazili, ambako pasheni hulimwa kwa wingi kuliko nchi nyingine yoyote duniani, jambo hilo ni la kawaida. Anayenunua tunda la zambarau sokoni akalitoa mbegu hajui kwa hakika amepanda nini.

Ushahidi ninaouamini zaidi unahitaji subira, kwa sababu ni wa saa. Ua la pasheni ya zambarau hufunguka alfajiri na kufunga kabla ya adhuhuri. La njano hufunguka kuanzia saa sita mchana na hukaa wazi hadi usiku. Kwa hiyo shambani kwangu, ambako nimepanda mistari michache ya njano kwa ajili ya mbegu, ni nadra maua ya pande zote mbili kuwa wazi kwa pamoja. Ya zambarau hujichavusha yenyewe bila shida. Ya njano haikubali chavua yake mwenyewe, inataka ya mmea mwingine, na mchavushaji wake mkuu ni yule nyuki mkubwa mweusi anayetoboa mbao, kwa kuwa nyuki wa asali ni mdogo mno kugusa stigma akiwa chini anakunywa.

Nimesimama mara nyingi mbele ya ua la njano saa za mchana kutazama linavyojiandaa. Linapofunguka, mirija mitatu inayobeba stigma huwa imesimama wima juu, mbali na chavua. Kisha huanza kuinama polepole, na katika muda wa kama saa moja stigma hushuka hadi usawa wa stameni, mahali ambapo mgongo wa nyuki utazipangusa. Maua mengine huinamisha mirija nusu tu, na mengine hayainamishi kabisa. Hayo ya mwisho hudondoka bila kushika tunda, hata uyapake chavua kwa mkono. Mama mmoja ninayemwuzia miche alikuwa akilalamika kwamba njano zake zina maua mengi na matunda haba, naye alikuwa akizipaka kila asubuhi kabla ya kwenda shamba la mbali. Nikamwambia, "Mama, asubuhi unapaka maua yaliyokwisha kufa tangu jana." Akacheka, akahamishia kazi hiyo alasiri.

Sasa nije kwa majirani wasiolimwa, ambao huletwa kitaluni mara kwa mara na watu wanaodhani wamepata aina mpya. Passiflora subpeltata huota penyewe kwenye vichaka vya nyanda za juu za Kenya na kwingineko, na kwa mbali hufanana na pasheni kwa sababu jani lake lina ndewe tatu. Ila ndewe hizo ni za mviringo bila meno, ua lake ni jeupe tupu, tunda hubaki la kijani, na, alama inayonitosha hata bila ua, stipuli zake ni kubwa mfano wa majani, zimekumbatia shina pande zote mbili. Passiflora suberosa ni ndogo mno, ua lake la kijani-njano halina petali kabisa, tunda lake ni kijipunje cheusi, na shina lake la zamani huota gamba kama la kizibo cha chupa, lenye nyufa. Majani ya mmea mmoja huweza kuwa na ndewe tatu huku na kuwa membamba bila ndewe kule, kwa hiyo anayetambua kwa bapa pekee atahesabu spishi tatu juu ya uzio mmoja.

Kule pwani utakutana na Passiflora foetida, ambayo watoto hula matunda yake kando ya njia. Hii haihitaji mtaalamu: mmea mzima una vinyweleo, ukiusugua hutoa harufu nzito, na braktea zake zimechanika kuwa wavu wa nyuzi unaolifunika ua na baadaye tunda. Ncha za nyuzi hizo hutoa ute unaonata, na wadudu wadogo hunaswa humo; wachunguzi wamegundua ndani ya ute huo vimeng'enya vinavyoyeyusha protini. Usitafute tezi mbili kwenye kikonyo chake, hazipo; nafasi yake imechukuliwa na vile vinyweleo vyenye vichwa vya ute.

Jozi iliyonipa kazi kubwa kuliko zote ni ya mapasheni makubwa. Karibu na Muheza mzee mmoja alinionyesha mtambaa uliofunika banda lake la kuku, shina lake likiwa na pembe nne zilizochongoka kama mbavu nyembamba. Baada ya kupokea shikamoo yangu akasema, "Mwanangu, hili ni boga au ni pasheni?" Swali lake lilikuwa na haki yake, maana tunda la Passiflora quadrangularis hufikia sentimita 20 hadi 30 kwa urefu, nyama yake ni nene, huliwa likiiva pamoja na mbegu zake, na likiwa bichi hupikwa kama mboga. Lakini shina lenye pembe nne halitoshi kumaliza shauri, kwa sababu Passiflora alata nayo ina shina la namna hiyo, jani zima la namna hiyo, na ua jekundu lenye taji refu la nyuzi zenye mistari ya zambarau na nyeupe. Wauzaji wa mbegu na wa maua hubadilisha majina haya mawili kana kwamba ni kitu kimoja. Njia niliyoitegemea ni kuhesabu tezi za kikonyo na kupima stipuli: quadrangularis kwa kawaida ina jozi tatu za tezi na stipuli pana zinazozidi sentimita mbili, wakati alata ina jozi moja au mbili, na stipuli zake ni nyembamba na fupi. Tunda la alata nalo ni dogo, kiasi cha sentimita kumi. Mtambaa wa mzee ulikuwa na tezi sita kwenye kila kikonyo nilichokishika isipokuwa kimoja chenye tano, na stipuli zake zilikuwa pana kuliko kidole gumba changu. Nikamjibu kwamba ni pasheni, na kwamba akitaka izae vizuri aipake chavua kwa mkono.

Yupo jamaa mmoja wa kuogopwa, na huyu ni mwenyeji. Familia ya pasheni ina jenasi ya Kiafrika iitwayo Adenia, inayoota misituni na vichakani kuanzia pwani hadi milimani, na baadhi ya spishi zake zina sumu kali. Hutambaa kwa vikono kama pasheni, na jani lake aghalabu lina ndewe. Viwavi wa vipepeo wa jenasi Acraea hula mimea ya pande zote mbili, jambo linaloonyesha kwamba undugu huo si wa kwenye karatasi tu. Kinachotenganisha ni hiki: tezi ya Adenia hukaa penye maungio ya bapa na kikonyo, mara nyingi juu ya kijilimi kidogo cha pekee, maua yake ni madogo ya kijani-njano yasiyo na taji la kujionyesha, ya kiume na ya kike kwa kawaida yakiwa kwenye mimea tofauti, na tunda lake likikomaa hupasuka vipande vitatu, kitu ambacho tunda la pasheni tunayolima halifanyi. Nalisema hili kwa mkazo kwa sababu siku hizi watu husoma kwamba majani ya pasheni yakichemshwa huleta usingizi, wakatoka na kisu kwenda kichakani. Mmea unaotumiwa sana katika dawa hizo ni Passiflora incarnata, wa kusini-mashariki mwa Marekani, ambao hufa juu ya ardhi wakati wa baridi na kuchipua tena. Si pasheni ya shambani kwetu, sembuse Adenia. Isitoshe, majani ya spishi nyingi za Passiflora yana kemikali zinazoweza kutoa sianidi.

Kwa anayetaka kutambuliwa mmea wake kwa picha, naomba kwanza asinitumie ua lililopigwa kutoka mbele peke yake, ingawa najua ndiyo picha nzuri. Nahitaji ua kutoka ubavuni na kutoka nyuma ili nione braktea. Kikonyo kimoja kwa ukaribu, kimeshikwa dhidi ya kiganja. Kifundo cha shina kinachoonyesha stipuli na kikono. Na jani la chini pamoja na jani la juu la tawi hilohilo. Aandike mwinuko wa mahali na saa ua lilipofunguka. Anayebana mmea kwenye magazeti ili aupeleke kwa wataalamu, kama wale wa hebariumu, yaani hifadhi ya mimea iliyokaushwa, ya Makumbusho ya Taifa jijini Nairobi, apasue ua moja kwa wembe katikati kabla ya kulibana, kwa kuwa taji likishalala kavu haliwezi kusomeka, na aandike rangi siku hiyohiyo kabla hazijafifia.

Chipukizi changa ndilo watu husahau, na ndilo lililonichelewesha katika kisa cha pasheni ya ndizi, ile yenye ua la waridi linaloning'inia kwenye mrija mrefu na tunda refu la njano, iliyoingia na kuenea katika nyanda za juu za Kenya. Kwa muda mrefu ilikuwa ikiitwa duniani kote Passiflora mollissima. Mwaka 2001 mtafiti wa mimea Coppens d'Eeckenbrugge na wenzake walionyesha kwamba chini ya jina hilo kulikuwa na mimea miwili, wakauita mmoja wao Passiflora tarminiana. Ua la tarminiana hufunguka kabisa hadi petali zikarudi nyuma, la mwenzake hubaki kama kengele. Na stipuli za tarminiana ni vijiuzi vya milimita chache vinavyodondoka mapema, wakati za mwenzake ni pana na hudumu. Tawi nililoletewa kutoka Kinale, hukohuko Kenya, lilikuwa na majani yaliyokomaa matupu bila stipuli hata moja, na maua yaliyokwisha kufunga. Kukosekana kwa stipuli kulielekeza upande wa tarminiana, lakini kitu kilichodondoka njiani na kitu kisichokuwepo huacha kovu moja. Niliomba niletewe ncha ya tawi yenye majani yasiyokunjuka bado, na humo ndani, zikiwa zimebanana na shina, nilizikuta stipuli mbili nyembamba za milimita tano hivi.